Jibini: Mafuta Yasikutishe, Angalia Chumvi

Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Australia katika makao 60 ya kutunzia wazee. Wakazi wake walikuwa 7,195, wengi wao wanawake, na wastani wa umri ulikuwa miaka 86. Kwa kura, nusu ya makao hayo yaliongezewa maziwa, mtindi na jibini mezani; nusu nyingine yakaendelea na mlo wao wa siku zote. Baada ya miaka miwili, wazee walioongezewa vyakula hivyo walivunjika mifupa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 33. Kuvunjika nyonga, ajali inayowalaza wazee wengi wasiinuke tena, kulipungua kwa asilimia 46. Hata kuanguka kwenyewe kulipungua, kwa asilimia 11. Idadi ya vifo haikutofautiana, na hilo lazima lisemwe. Lakini aliyewahi kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, akamgeuza usiku na mchana, hahitaji kuelezwa thamani ya matokeo hayo.

Nyongeza yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kalsiamu ilipanda hadi miligramu 1,142 kwa siku na protini hadi gramu 69. Jibini inabeba vyote viwili kwa wingi ndani ya kitu kidogo, na hapo ndipo inapowafaa watu wa umri ule, maana mzee hali sana. Kipande cha gramu 30 cha cheddar au gouda, ukubwa wa kiberiti hivi, kina takriban miligramu 200 za kalsiamu na gramu 7 za protini. Kina pia vitamini B12, ambayo mboga na nafaka hazina.

Wingi huo unatokana na namna jibini inavyotengenezwa. Katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wafugaji wamekuwa wakitengeneza jibini ya jamii ya gouda kwa miongo kadhaa, ufundi walioupata kwa mapadre waliotoka Ulaya. Maziwa hupashwa moto kidogo tu, yakatiwa bakteria wa kuchachua na kimeng'enya cha kugandisha ambacho asili yake ni tumbo la ndama. Muda si mrefu yanashikana. Bonge hilo hukatwakatwa, maji yake ya kijani-njano yakachujwa, kisha kinachobaki hukandamizwa ndani ya vibati vya duara, kikalowekwa kwenye maji ya chumvi na kupangwa juu ya mbao kikomae. Kilo moja ya jibini ngumu inameza karibu lita 10 za maziwa. Kwa barabara za kule, maziwa mabichi yangeharibika kabla ya kufika mbali. Jibini inaweza kufika Goma, na hata Kinshasa, bila kuharibika.

Yale maji yanayochujwa huondoka na sehemu kubwa ya laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kiasi kinachobaki huliwa na bakteria wakati jibini inakomaa. Ndiyo maana cheddar au parmesan iliyokomaa inakaribia kutokuwa na laktosi kabisa. Jambo hili linatuhusu sana. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa hujaa gesi na kuharisha, kwa kuwa mwili ulishaacha kutengeneza laktasi, kimeng'enya cha kuvunja sukari hiyo. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko yao ya kijeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Ni hazina ya wafugaji hasa. Wengine wengi hatuna. Asiyeelewana na maziwa anaweza kupata faida zake nyingi katika mtindi au jibini iliyokomaa, mara nyingi bila tumbo kunguruma.

Sasa tuje kwenye hofu kubwa, mafuta. Kweli jibini ina mafuta mengi ya aina inayoganda, ambayo kwa kawaida hupandisha LDL, kolesteroli mbaya. Hata hivyo watafiti wa Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapa watu wale wale jibini kwa wiki sita na siagi kwa wiki sita, mafuta yakiwa sawa. Wakati wa jibini LDL ilikuwa chini kuliko wakati wa siagi. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba kalsiamu hushikana na sehemu ya mafuta ndani ya utumbo, yakatoka na choo badala ya kuingia kwenye damu. Chakula si jumla ya virutubisho vyake tu. Namna vilivyofungamana nayo ina kazi yake.

Tusipitilize lakini. Utafiti mkubwa wa PURE, uliochapishwa mwaka 2018 na kufuatilia watu zaidi ya 136,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulikuta magonjwa ya moyo na vifo vichache zaidi kwa wanaotumia maziwa na mazao yake kwa wingi. Walipoipima jibini peke yake, nafuu haikuonekana waziwazi. Haikuonekana kudhuru pia. Jibini si dawa ya moyo, na anayeiuza kwa jina hilo anadanganya.

Kwa meno, habari ni njema zaidi. Ripoti ya mwaka 2003 ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, lile la afya (WHO) na lile la chakula na kilimo (FAO), iliitaja jibini ngumu miongoni mwa vyakula ambavyo huenda vinapunguza kuoza kwa meno. Huchochea mate, hupunguza asidi mdomoni, na huliachia jino kalsiamu na fosfeti. Kipande baada ya mlo kinamfaa mtoto kuliko biskuti.

Kitu cha kuogopwa kweli ni chumvi. WHO inashauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu 30 za cheddar zina takriban nusu gramu. Feta na zile za kuhifadhiwa kwenye maji ya chumvi huzidi hapo, na jibini laini za kusindikwa huwa nazo nyingi pia. Mwenye shinikizo la damu achague mozzarella mbichi au emmental, ambazo chumvi yake ni kidogo. Mjamzito aepuke jibini ya maziwa ambayo hayakuchemshwa, kwa hatari ya maambukizi ya listeria na bruselosi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya fosfeti.

Na bei? Bei ni kikwazo cha kweli. Familia isiyoimudu isijinyime chakula kingine kwa ajili yake. Bilauri ya mtindi kila siku inatoa kalsiamu ile ile kwa fedha kidogo. Ila kama unayo nafasi, na una mzee nyumbani anayeacha nusu ya chakula kwenye sahani, mkatie kipande cha jibini kila siku, na usome kwanza kiasi cha chumvi kwenye pakiti.