Kitabu cha Hisabati cha kaka, je, kinamfaa mdogo wake?

Chimala. Katika familia nyingi, kitabu cha shule hakitupwi. Kaka akipanda darasa, kitabu alichonunuliwa kinafunikwa kwa gazeti jipya na kumsubiri mdogo wake. Kwa mzazi anayelima mpunga katika bonde la Usangu, au anayeuza chakula kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, hakuna sababu ya kununua kitabu kilekile mara mbili.

Tatizo ni kwamba siku hizi huenda si kitabu kilekile.

Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kufundishwa katika darasa la awali, la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo waliendelea na mtaala wa zamani. Hivyo watoto wawili wa nyumba moja, waliopishana darasa moja tu, wanaweza kuwa wanasoma mitaala miwili tofauti. Mkubwa atasoma hadi darasa la saba, mdogo ataishia la sita, na kwa mpango huo wote wawili watamaliza shule ya msingi mwaka 2027.

Hapo ndipo kitabu cha kaka kinapoweza kumchanganya mdogo mtu.

Tazama mwaka, si jalada

Vitabu vya kiada vya shule za msingi huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Jina la somo halitoshi kukuonyesha tofauti, maana Hisabati ni Hisabati, ya jana na ya leo. Maneno "toleo la kwanza" nayo hayatoshi, kwa sababu kila kitabu kiliwahi kuwa na toleo lake la kwanza. Fungua kurasa za mwanzo, tafuta mwaka wa kuchapwa, kisha muulize mwalimu wa darasa kama ndicho anachokitumia.

Angalia pia lugha. Shule zinazofundisha kwa Kiingereza hutumia kitabu cha Kiingereza, hata kama darasa ni lilelile.

Hesabu haiozi

Hata hivyo, usikimbilie kuwashia jiko kitabu cha zamani. Saba mara nane ilikuwa 56 enzi za bibi na bado ni 56. Kinachobadilika kati ya toleo na toleo ni mpangilio wa mada, darasa ambalo mada inafundishwa, na namna ya kuieleza.

Chukua hesabu ya 52 kutoa 27. Mzazi wengi wao walifundishwa kupanga namba wima na "kukopa" kumi. Mtoto anaweza kufundishwa kuhesabu kwenda mbele: kutoka 27 hadi 30 ni 3, hadi 50 ni 20, hadi 52 ni 2, jumla 25. Ndivyo muuza nyanya anavyorudisha chenji kila siku. Njia zote mbili ni sahihi.

Ugomvi huanza jioni, mtoto anaposema, "Mama, mwalimu hajatufundisha hivyo," na mama akadhani ni ubishi. Mtoto akilazimishwa kubeba njia mbili kwa usiku mmoja, huishia kuziogopa zote, na hofu ya Hisabati ikishaingia ni vigumu kuitoa.

Kila kitabu na kazi yake

Njia rahisi ni kugawa kazi. Kitabu kipya kiwe dira: mada gani, lini, kwa njia ipi. Cha zamani kiwe ghala la mazoezi. Wakifundishwa kugawanya shuleni, tafuta sura ya kugawanya katika kitabu cha kaka, uchague maswali matano ya kufanya kwa njia ya mwalimu.

Bei zilizomo zikiwa za zamani, weka za sokoni leo. Swali likiwa halina ladha, tunga la nyumbani: shamba la ekari 2 limetoa magunia 36 ya mpunga, kila ekari imetoa mangapi? Mtoto wa Chimala anaijua hesabu hiyo kabla hajashika kalamu.

Usiamini majibu kwa sababu tu yamechapwa. Mwaka 2017 makosa katika vitabu vya kiada yalifika hadi bungeni, na vilivyokutwa na kasoro vikaamriwa viondolewe. Fanyeni hesabu pamoja. Mkipata jibu tofauti na la kitabu, rudieni, kisha mtoto ampelekee mwalimu. Si utovu wa nidhamu kuuliza.

Kabla ya kutoa fedha

TET ina maktaba mtandao ambako vitabu vyake husomwa bure. Mwenye simu janja anaweza kufungua kitabu kipya, akakilinganisha na cha nyumbani sura kwa sura, ndipo aamue kama kuna haja ya kununua. Asiye na bando aombe mtoto aje na daftari la shule: mada za wiki zimo humo.

Lililo muhimu zaidi halina toleo. Ni zile dakika ishirini za jioni, mzazi ameketi karibu, hata kama hesabu yenyewe ameisahau. Mwambie mtoto akufundishe alivyofundishwa. Akiweza kukuelewesha wewe, ameelewa.