Kuni za Boila na Bonasi ya Mkulima wa Chai

Kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Karibu kilo tatu na nusu zinazopotea ni maji, na maji hayo huondolewa kwa joto. Katika viwanda vya Kericho na Bomet, kama Momul, Litein, Kapkoros na Mogogosiek, joto hilo hutoka hasa kwa kuni za mkaratusi: boila hutoa mvuke, mvuke hupasha hewa joto, hewa hukausha majani.

Gharama ya kuni hizo hukatwa kabla mkulima hajaiona bonasi yake. Kwa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, ambao bonasi yao huwa chini ya ile ya wenzao wa mashariki, kila shilingi inayoungua ina uzito. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, amri iliyoondolewa mwaka 2023, na viwanda vikazidi kutegemea miti ya mashambani. Mkaratusi huchipua tena ukikatwa, lakini hunywa maji mengi. Ndiyo maana mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ung'olewe kwenye vyanzo vya maji.

Badala ya kuni, viwanda kadhaa vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, vimejaribu briketi za vumbi la mbao na maganda ya makadamia. Makapi ya miwa yapo jirani, katika viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni, ila ni mepesi mno. Yasiposhindiliwa, nauli ya lori humaliza faida. Samadi nayo haiwezi kulisha boila. Mahali pake ni nyumbani: kinyesi cha ng'ombe wawili wa zizini, kikigeuzwa biogesi, hutosha kupikia familia, na tope linalobaki ni mbolea.

Akiba ya haraka zaidi, kwa maoni yangu, iko katika yadi ya kuni. Nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa hadi unyevu wa asilimia 20 hutoa joto karibu maradufu ya kilo ya kuni mbichi. Kuzipasua na kuzipanga chini ya paa kwa miezi kadhaa hakuhitaji mtambo mpya. Kunahitaji fedha za kununua mapema na msimamizi asiyekubali kuni mbichi zipite.

Wenye hisa katika viwanda hivi ni ninyi wakulima. Katika mkutano mkuu ujao, mwulizeni mkurugenzi mliyemchagua: tani moja ya chai yetu inakula mita ngapi za ujazo za kuni, na zilikuwa kavu kiasi gani?