Ardhi Inapogeuka Kijani: Onyo Kutoka Angani

Picha za setilaiti zinapoonyesha nyanda kavu za kaskazini-mashariki mwa Kenya zikigeuka kijani, mfugaji huona neema ya malisho; mtaalamu wa afya huona pia hatari. Mayai ya baadhi ya mbu hukaa miaka katika udongo mkavu wa mabonde, kisha huanguliwa mvua kubwa inapofurika. Mbu hao huweza kuibuka wakiwa tayari na virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa Kenya mwaka 1931.

Setilaiti hupima joto la bahari, mawingu ya mvua na ukijani wa mimea. Kwa vipimo hivyo, watafiti walianza kutoa tahadhari Septemba 2006. Desemba, ugonjwa ulithibitishwa Garissa. Mapema 2007 ukafika Tanzania. Nchini Kenya pekee walifariki watu wapatao 150. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, mlipuko ukiwa umekwisha kuenea.

Picha hizo, basi, hutoa muda. Kinga hutolewa na watu. Mifugo ichanjwe kabla ya mlipuko. Mhudumu wa afya anayesikia kwamba kondoo na mbuzi wanatupa mimba kwa wingi baada ya mafuriko awaarifu mara moja maofisa wa mifugo. Nyumbani, maziwa yachemshwe, nyama iive vema, mnyama mgonjwa asichinjwe, mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, na kila mtu ajikinge na mbu.