Njano ya Kopo

Ukienda Oyster Bay, Dar es Salaam, pale wanapochora wasanii wa mtindo wa Tingatinga, pua ndiyo inayotangulia kufika. Harufu ya rangi ya mafuta na thina hukupokea kabla hujaona twiga hata mmoja. Mgeni huziba pua akidhani ameshaijua sumu. Ameijua nusu.

Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo huo, alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia alichokimudu: hadibodi na rangi ya kopo, ile ya kupaka baiskeli. Ndiyo iliyozipa picha zile mng'ao, na hadi leo wengi hawataki kuiacha. Siwalaumu. Lakini katika rangi za namna hiyo, njano kali kwa miaka mingi imetokana na kromati ya risasi, na risasi hainuki. Thina hukuumiza kichwa jioni ile ile, ukatoka nje kupunga upepo. Risasi hukaa kimya mifupani kwa miaka.

Picha iliyokwisha kukauka ukutani haina neno. Balaa liko kwenye vumbi la msasa, kwenye andazi linaloliwa kwa vidole vyenye njano kuchani, na kwa mtoto anayecheza chini ya meza ya baba yake. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 ya kiasi anachofyonza mtu mzima, ndivyo lisemavyo Shirika la Afya Duniani.

Basi dukani soma kopo. Shirika hilo na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa hupendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Kopo lisilotaja chochote, wala aliyelitengeneza, liache hapo hapo. Kwa kreyoni na rangi za maji za watoto, tafuta maandishi EN 71 ya Ulaya au alama ya AP ya Marekani. Wengi hupotezwa na namba ASTM D-4236. Wakiiona hudhani rangi ni salama, kumbe maana yake ni kwamba imekaguliwa, na kama ina madhara, onyo limeandikwa. Rangi yenye kadimiamu nayo huwa na namba hiyo hiyo, onyo lenyewe kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Nami ninalo kopo moja la njano, la zamani, lebo imebanduka. Limekaa juu ya kabati, mjukuu asilifikie. Kulimwaga jalalani nashindwa. Kuku wa jirani hushinda pale.