Weita wa Hoteli ya Dosa Hajakudharau: Hii Ndio Rada Kabla Uingie

Wasee wengi wakitoka hoteli ya Wahindi utawasikia wakisema kitu moja: "Dishi ilikuwa tamu, lakini hao weita wana madharau." Menyu iliwekwa mezani kama imerushwa. Sahani ya beshte yako ikakuja mbele ya yako, na ni wewe uliagiza kwanza. Uma hakuna. Bili ikaletwa kabla hujamaliza kumeza. Ukaona ni kama unafukuzwa kisiri.

Kuna hoteli zenye kweli unafukuzwa, na hiyo tutaiongelea hapo chini bila kuogopa mtu. Lakini kwa hoteli ya India Kusini, zile za dosa na idli, mambo mengi unayoona kama madharau ni vile tu kazi hufanywa. Ukijua rada utakula fiti, utatumia doo kiasi, na siku ukidharauliwa kiukweli utaijua hapo hapo.

Hii sio ile chakula ya Wahindi umezoea

Chapo na samosa zimekaa kwetu hadi tunasahau zilitoka wapi. Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua karibu 32,000 wakaletwa kutoka India kuifanyia kazi. Wengi walitoka Punjab. Wenye maduka waliofuata, wengi wao walitoka Gujarat. Hizo ni pande za kaskazini na magharibi, ndio maana ukisikia "chakula ya Wahindi" akili inaenda kwa chapo, naan na kuku ya tanuri.

Kusini ni Tamil Nadu, Kerala, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Huko mchele ndio mkubwa. Dosa ni mchele na ndengu nyeusi zilizolowekwa, zikasagwa, halafu uji wake ukaachwa usiku kucha uchachuke. Asubuhi unamwagwa kwa chuma moto, unatandazwa mwembamba, unatoka ukiwa crispy kama karatasi. Masala dosa ni hiyo hiyo lakini ndani imewekwa waru zilizopondwa na bizari. Idli ni uji huo huo ukipikwa kwa mvuke, inakuwa laini kama sifongo. Vada ni ndengu zilizosagwa zikakaangwa, na ina shimo katikati kama donati.

Sambar ni ile supu inaletwa kando. Isikutishe. Ndani ni mbaazi, zile zile wasee wa Ukambani wanaziita nzuu, zikiwa zimepikwa na mboga na ukwaju. Na kama umekulia Pwani ukala vitumbua, uliza kama wako na paniyaram. Hata kikaango chake kina mashimo kama cha vitumbua. Utajiskia nyumbani.

Mbona sahani ya beshte ilikuja kwanza?

Hii ndio inaleta kelele sana kwa meza. Idli hupikwa nyingi kwa wakati mmoja, kwa hivyo iko tayari, ni kupakua tu. Dosa hutengenezwa moja moja, na ikikaa dakika chache inalegea, utamu umeisha. Kwa hivyo weita hangoji sahani za watu wanne zikamilike ndio alete zote. Kila moja ikitoka kwa chuma, inakuja.

Wewe nawe usingoje wengine kwa heshima. Dosa ikifika, anza. Kama mko kwa deti na unataka mle pamoja, agizeni dosa moja na idli moja, mshare kila kitu katikati. Hakuna mtu atabaki akiangalia simu.

Uma umeenda wapi?

Hakuna mtu amekunyima. Hii chakula ni ya mkono wa kulia. Nawa kwanza, kata kipande cha dosa, chovya kwa sambar ama kwa chatini ya nazi, tia mdomoni. Ni kama ugali na sukuma, hapa hauhitaji masomo. Ukitaka kijiko ya sambar, itisha, utaletewa bila mtu kukuangalia vibaya.

Mbona anarudi na ndoo?

Hoteli zingine zinauza "meals" saa ya lunch. Hapo unawekewa jani la mgomba ama sinia kubwa, na juu yake wali, mboga tofauti tofauti, papadam, achari na vitu zingine. Kisha weita anapita na vyombo akiongeza. Anaongeza sambar. Anaongeza wali. Anaongeza rasam, ile supu nyepesi yenye pilipili manga. Kwa utamaduni wa kwao, sahani ikiwa tupu ni kama umesema "leta ingine". Usipomzuia, ataendelea, na wewe utaendelea kujaa.

Ukishiba, weka mkono juu ya jani kabla amwage. Hiyo inaeleweka bila maneno. Mwisho mwisho utapewa wali na maziwa ya mgando, karibu sana na mala yetu. Usiikatae. Ndio inazima pilipili yote. Ukimaliza, kunja jani kuelekea upande wako.

Lakini shika hii: kuongezewa bure ni desturi, sio sheria. Huku Nairobi kila hoteli na mpango wake. Kabla uanze kuitisha sambar ya tatu, uliza: "Bosi, hii kuongeza inalipiwa?" Swali moja linaweza kukuokolea soo kadhaa.

Bili ya haraka

Hoteli nyingi za kusini zimetoka kwa mtindo wa Udupi, mji wa Karnataka wenye hekalu la Krishna, mahali mapishi haya ya mboga tupu yalikua. Hoteli za aina hiyo zilijengwa kwa kasi: usafi, bei ya mwananchi, kula, toka, mwingine aketi. Bengaluru kuna sehemu watu wanalipa kwa kaunta kwanza, wanapewa risiti, wanakula wakiwa wamesimama. Kuna nyingine kongwe inaitwa MTR, imekuwako tangu 1924, na watu bado wanapiga foleni kuingia.

Kwa hivyo bili ikikuja mapema, haimaanishi toka. Agiza kahawa ukitaka kukaa. Na hiyo kahawa usiipite. Inachujwa kwa chuma, inachanganywa na maziwa moto, halafu inaletwa kwa kikombe cha chuma kilichowekwa ndani ya kibakuli. Mimina kutoka kimoja hadi kingine mara kadhaa. Inapoa na inatoa povu.

"Pure veg" inamaanisha pure veg

Ukiona hayo maneno mlangoni, hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna mayai. Usiingie na smokie kwa mfuko ukidhani utakula kisiri. Kwa wenye hoteli wengi hilo ni jambo la dini. Lakini usifikirie kusini yote ni mboga. Kerala wanakula samaki na hata nyama ya ng'ombe, na Chettinad ya Tamil Nadu inajulikana kwa kuku ya pilipili. Soma menyu kwanza.

Sasa, madharau ya kweli inakaaje?

Haraka sio madharau. Kunyimwa ndio madharau. Unaambiwa meza zote zimeshikwa, na wenye wamekuja nyuma yako wanaketishwa. Unaulizwa kama uko na pesa kabla upewe menyu, na meza ya kando haijaulizwa. Unaitisha maji mara tatu na weita anakuona. Bei kwa bili imepita ya menyu na hakuna anayetaka kukueleza.

Hapo usinyamaze. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila na hata mavazi, na si kwa serikali peke yake, ni kwa kila mtu. Kifungu cha 46 kinakupa haki ya huduma nzuri na habari kamili juu ya kile unanunua. Na sio maneno ya karatasi tu. Mwaka 2015 hoteli moja ya Wachina hapa Nairobi ilifungwa baada ya story kutoka kwamba Waafrika walikuwa wanazuiwa kuingia jioni.

Itisha meneja, sio weita. Ongea polepole, sema kitu umeona: saa, meza, bei. Weka risiti. Weita mara nyingi ni msee wa mtaa kama wewe, anapanda mathree usiku akienda Kangemi ama Kawangware, na sio yeye aliandika sheria za hiyo nyumba. Usimmalizie hasira ya mdosi. Na kama alikueleza menyu bila kukucheka, mwachie kitu kidogo, hata fifty.

Kwa wenye doo kidogo

Enda na beshte mmoja. Agizeni masala dosa moja, idli moja na kahawa mbili. Uliza kama bei imeshajumlisha VAT, maana hiyo 16% inaweza kukushtua mwishoni. Usiagize maji ya chupa kama hauna kiu ya pesa kuisha.

Na ukiingia, ketisha mabega. Wahindi wa Kenya walitambuliwa rasmi kama kabila la 44 mwaka 2017. Hao ni majirani wetu, na chakula yao imeuzwa kwa hii jiji miaka zaidi ya mia. Hauitaji ruhusa ya mtu kuila.