Sauti Kwanza, Sura Baadaye

Kikao cha kompyuta baina ya Unguja na Pemba humwepusha mjumbe na nauli na misukosuko ya bahari. Lakini sauti yake ikikatikakatika, huyo amenyimwa kusema, hata kama sura yake ingali inaonekana kwenye kioo.

Wakubwa wetu wakilalamikiwa hukimbilia kununua kamera. Hapo twaona wanakosea, kwani picha ndiyo inayoula mtandao. Mfumo wa sauti uitwao Opus, uliopitishwa mwaka 2012 na kutumika katika programu nyingi za mikutano, waweza kuchukua maneno kwa kilobiti 6 tu kwa sekunde. Picha safi hutaka zaidi ya 1,000. Basi mtandao ukilegea, izimwe picha, sauti isalimike.

Mwangwi nao huzuka pale spika ya mezani inaporudisha sauti kwenye maikrofoni. Spika za masikioni huukata. Kompyuta yafaa iungwe kwa waya, isigombanie mawimbi na ofisi nzima. Na dirisha lisiwe nyuma ya msemaji, maana kamera humgeuza kivuli.

Kabla ya ajenda ya kwanza, mwenyekiti na amwulize mjumbe wa Micheweni kama anasikia, kisha angoje jibu.