Udongo wa sashe na mifuko: mare yetu tuiachie maji yake

Tangu mboga za ndani ya mifuko zianze kuenea vijijini na pembeni ya miji, swali moja linarudi kila mara: ndani ya mufuko tuweke udongo gani? Watu wamesikia habari ya turbe. Kuna waliyoiona mujini, imefungwa ndani ya plastiki kutoka Ulaya, nyepesi sawa pamba, na bei yake inashtua. Basi wengine wanasema: juu ya nini tununue? Chini ya mare yetu kuko udongo mweusi wa namna hiyo hiyo. Tuuchimbe, tutumie kwa pepinyeri yetu, na ule unaobaki tuuze.

Ni hilo la kuchimba ndilo limetufanya tuandike.

Turbe ni mabaki ya majani na mizizi yaliyokufa fasi yenye maji siku zote. Maji yanafungia hewa njia, na pasipo hewa vidudu vya kuozesha vinafanya kazi polepole sana, kwa hiyo mabaki yanalundikana mwaka kwa mwaka. Ile ya Ulaya na ya Canada inatoka zaidi kwa mimea fulani midogo na laini ya fasi yenye maji. Inaongezeka karibu milimita 1 kwa mwaka. Meta 1 ya turbe ni kazi ya miaka 1 000 hivi, na mutu mwenye mupauro anaimaliza kwa siku chache.

Kwetu milimani inatoka zaidi kwa mafunjo na nyasi za mabondeni. Jirani zetu wa Rwanda wanaiita nyiramugengeri. Upande wa Rusizi, ng'ambo ya Bukavu, kiwanda cha umeme cha Gishoma kilijengwa ili kuichoma, na Burundi kampani ya serikali, ONATOUR, imekuwa ikiichimba tangu miaka ya 1970 iwe kama kuni. Lakini ile kubwa kuliko zote za nchi za joto iko ndani ya Kongo zote mbili, katika mapori yenye maji ya Équateur na majimbo ya jirani. Watafiti, na kati yao wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kisangani, walitangaza mwaka 2022 kwamba inafikia kilometa za mraba 167 600. Inashikilia karibu tani miliari 29 za kaboni, ile ambayo ingepanda hewani kama moshi kama turbe ingekauka. Ndiyo sababu dunia nzima inaiangalia. Sisi leo tunabaki kwenye mare ndogo, ile ya kijiji.

Turbe inafanya nini ndani ya mufuko? Inashika maji mingi, zaidi ya mara 10 ya uzito wake ikiwa kavu, na bado inaacha njia za hewa, ili mizizi isizame. Tena ile ya dukani haina mbegu za nyasi wala magonjwa mengi. Hapo ndipo kazi yake inaisha. Haina chakula. Mutu akipanda tomati ndani ya turbe tupu, mimea itaota vizuri, kisha itageuka manjano na kusimama. Tena iko na asidi kali, pH ya 3,5 hadi 4,5, wakati tomati inapenda karibu 6 hadi 6,8, kwa hiyo ni lazima kuongeza chokaa. Na ikikauka kabisa inakataa maji: unamwaga juu, yanapita pembeni na kutokea chini, katikati kunabaki kavu. Mama ambaye anaacha mifuko yake siku mbili juu ya soko ataliona hilo upesi.

Ule udongo wa mare nao si sawa na wa dukani. Mara nyingi uko na matope mingi. Ukikauka ndani ya sashe unakuwa mugumu, unapasuka. Uko na mbegu za nyasi pia. Mutu anauza kitu ambacho mununuzi hatarudi kununua mara ya pili.

Basi tunatafuta vitu viwili tu: kushika maji na kupitisha hewa. Hivyo viko tayari kwenye mashini za kukoboa, na watu wanavitupa ao wanavichoma ovyo. Katika bonde la Ruzizi ni makapi ya mpunga. Maniema vile vile, fasi ambayo mpunga ulifika pamoja na wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19 na haukuondoka tena. Kalehe, Idjwi na Minova ni maganda ya kahawa.

Makapi ya mpunga tunayapenda kuliko yote, lakini yachomwe kwanza mpaka yawe makala, si majivu. Chukua bido la chuma la lita 20, toboa matundu pande zote, weka juu yake bomba la bati kama shimini. Washa moto mudogo ndani, kisha lundika makapi yakizunguka bido. Weusi utaanza karibu na bido na kwenda inje. Kila mara yapindue kwa mupauro, ya inje yaingie ndani. Inachukua saa mbili ao tatu, na mutu asiende zake. Karibu yote yakiwa meusi, mbele yageuke kuwa ya kijivu, mwaga maji mingi na uyatawanye chini. Ukichelewa hapo, utabaki na majivu, na majivu mingi yanaunguza mizizi ya miche. Watoto wakae mbali na bido.

Maganda ya kahawa yako ya namna mbili, na watu wanayachanganya. Yale makavu, ya mashini, ni mepesi, yanapitisha hewa vizuri. Yale mekundu ya kituo cha kuosha kahawa yako na maji na sukari. Yakiwekwa mabichi yatapata moto na kuua miche. Hayo yaende kwanza kwenye komposti miezi mitatu ao zaidi, pamoja na mavi ya ng'ombe ao ya mbuzi na majani makavu, yakipinduliwa kila wiki mbili.

Kwa sashe za miche: ndoo 2 za komposti iliyoiva na kuchujwa, ndoo 1 ya makapi yaliyochomwa, ndoo 1 ya udongo wa juu wa shamba, ao mchanga kama udongo wenu ni wa kushikamana. Mbele ya kupanda, mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, uache upoe. Hilo linapunguza ule ugonjwa wa miche kuanguka shingoni. Kwa mifuko mikubwa ongeza udongo uwe ndoo 2, na katikati weka nguzo ya mawe madogo, ili maji yafike chini. Wa Goma wako na bahati: zile kokoto za volkano, nyepesi na zenye matundu, ni nzuri sana kwa nguzo hiyo.

Komposti imeiva namna gani? Funga konzi moja yenye unyevu ndani ya sashe siku tatu. Ukifungua ikanukia kama udongo baada ya mvua, sawa. Ikinuka vibaya ao ikiwa na moto, ngojea. Kisha panda maharagi 10 ndani yake. Yakiota 8 ao zaidi na majani ni mazuri, anza kazi.

Mufuko hauna shamba chini yake, kwa hiyo chakula kinaisha. Kila wiki mbili mwagia maji ya titonia, yale maua ya njano ya pembeni ya njia: kata majani, yaloweshe ndani ya bido siku 10 hivi, kisha changanya kopo 1 na makopo 4 ya maji safi. Inanuka sana, lakini lengalenga na mashu zinaipenda.

Turudi kwenye mare. Katika sezoni C, kuanzia mwezi wa 6, milima imekauka na tomati inapanda bei. Ni mare ndiyo inalisha nyumba na kulipa shule ya mwezi wa 9. Inaweza hivyo kwa sababu turbe ya chini inafanya kama sifongo: inameza mvua za mwezi wa 4, inaziachia pole pole. Mukiiondoa, kuna mambo mawili. Ama shimo linajaa maji na hamulimi tena, ama mufereji wa kuchimbia unatoa maji yote, turbe inayobaki inakauka, inashuka, na siku moja inashika moto wa chini kwa chini ambao hauzimwi na ndoo. Feza ya mifuko inaingia mara moja. Hasara ni ya kila sezoni C inayofuata, na inaanguka kwa nani? Zaidi kwa wamama, maana ndio wengi wanaolima huko, na si wao wanaouza mifuko. Jambo hili lipite kwenye mukutano mukuu, wao wakiwepo na wakipiga kura, mbele mutu yeyote hajapokea avansi.

Neno moja kwa vyama vya kahawa vyenye cheti cha bio. Kanuni za Ulaya zinakubali turbe kwa bustani na pepinyeri tu, si kwa mashamba. Lakini mifuko mingi ya dukani imechanganywa na mbolea ya viwandani. Someni nyuma ya mufuko: mukiona NPK, musiipeleke kwenye pepinyeri ya kahawa mbele ya kumuuliza mukaguzi wenu.

Kwa wale wanaotaka miche tayari kwa mvua za mwezi wa 9: lundo la komposti lianze sasa hivi, makapi yachomwe mwezi wa 6 wakati ni makavu, na mbegu ziingie ndani ya sashe katikati ya mwezi wa 8. Makapi ya mashini mara nyingi ni ya bure, lakini ombeni mapema, kwa sababu wafuga kuku nao wanayatafuta.